Gari Limeinuliwa, Difu Iko Palepale

Mpwa wangu mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam alinitembelea siku za Pasaka. Baada ya shikamoo na habari za safari, alilizunguka gari langu kuukuu mara mbili, akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu, kisha akasema, "Mjomba, gari hili limelala. Tuliinue. Gharama nitalipa mimi."

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya 109, aina iliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Nililinunua kwenye mnada, likiwa limekwisha kuitumikia serikali mpaka ikalichoka. Mpwa wangu alinionyesha picha za magari ya rika hilo yaliyoinuliwa inchi nne, mengine inchi sita, yamesimama juu kama mbuni. Mwaka 2024 alikuwa Arusha katika tamasha la Land Rover lililokusanya magari hayo kwa mamia, na alirudi akiamini kwamba Land Rover isiyoinuliwa ni kama askari asiye na buti.

Nilimshukuru, nikakataa. Alidhani ni ukaidi wa uzee. Maadamu najua kwamba vijana wenye mawazo kama yake ni wengi, na mafundi wa kuwapokea hawakosekani, nimeona niandike sababu zangu. Sisemi kwamba kila aliyeinua gari ni mjinga. Nasema kwamba wengi wameuziwa kitu wasichokielewa, na kwamba bei ya kutoelewa huko hulipwa zaidi na watu wengine, yaani wale wanaokaa nyuma.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Seti ya kuinulia gari huwa na springi zenye mkunjo mkubwa zaidi, shokapu ndefu zaidi, pengine na shakeli ndefu na yubolti mpya. Fundi asiye na seti hutumia njia za mkato: huongeza vyuma katika springi za zamani, au hupachika kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Kwa njia yoyote ile, matokeo ni yaleyale. Chasisi na bodi husogea juu, mbali na ekseli.

Sasa msomaji, inama nami chini ya gari. Katika Land Rover za aina hii, na katika Land Cruiser nyingi za zamani, ekseli ni mti mmoja mgumu wa chuma unaotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Katika mti huo kuna uvimbe mkubwa kama chungu. Hiyo ndiyo difu. Hicho ndicho kitu cha chini kuliko vyote, na ndicho kinachokwama kwenye tuta la katikati ya barabara baada ya malori kuchimba mifereji miwili ya magurudumu. Je, ekseli imeshikiliwa na nini kisianguke chini? Imeshikiliwa na magurudumu, na magurudumu yamekaa juu ya ardhi. Ukiweka springi za inchi nne, za inchi kumi, au za urefu wa mnazi, difu haipandi hata unene wa kucha. Bodi imekwenda juu, difu iko palepale.

Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, nalo huinua kwa nusu tu ya tofauti, kwa sababu ekseli imekaa katikati ya gurudumu. Ukitoa tairi la sentimeta 80 ukaweka la sentimeta 85, umepata sentimeta mbili na nusu. Basi. Hii ni hesabu ya shule ya msingi, lakini nimeona watu wazima wenye shahada wakilipa fedha nyingi bila kuifanya.

Mimi pia sikuifanya. Hapo ndipo penye uchungu wangu, na sitaki msomaji adhani namcheka mtu.

Mwaka 1996 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Chuo kilikuwa na Land Rover 109 moja, ikibeba kila kitu: mahindi ya jikoni, wagonjwa, wakaguzi, na wanachuo waliokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za milimani. Masika ya mwaka ule gari lilikwama mara kwa mara kwenye tuta moja ambalo kila dereva alilijua. Dereva wetu, mtu mwema na mchapakazi, aliniambia, "Mkuu, gari ni fupi. Likiinuliwa kidogo litapita." Fundi wa mjini alikuja, akatazama, akaafiki. Mhasibu aliniletea hati ya malipo mezani. Nilitia sahihi.

Mimi niliyefundisha hesabu kwa miaka mingi kabla ya kupewa ofisi, mimi niliyekuwa nikiwaambia wanachuo kila muhula, "Pimeni kwanza, ndipo mseme," sikuchukua rula nikaenda kupima kutoka ardhini hadi kwenye difu. Ingenichukua dakika tatu. Niliona gari limerudi refu, lenye sura ya ushujaa, nikaridhika. Wanachuo walilipigia makofi.

Juma lililofuata gari lilikwama kwenye tuta lilelile. Tulisema ni matope ya mwaka huo.

Mwezi wa pili baada ya hapo, gari lilikuwa likipanda na wanachuo kumi, magodoro na masanduku yao yakiwa juu ya keria. Mahali fulani mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara upande wa bonde, na njia ikainama upande huo. Dereva alikuwa amepita pale mara nyingi na gari lilelile. Alipita kama alivyozoea. Tairi la upande wa mlima likapanda jiwe, si kubwa. Gari likainama, likasita, likalala ubavu, kisha likageuka matairi juu na kuegemea mti wa mkaratusi. Mti ule ndio uliowaokoa. Hakufa mtu. Lakini kijana mmoja alivunjika paja, na mguu wake ukapona ukiwa mfupi. Alimaliza masomo kwa magongo, akawa mwalimu mzuri, na hadi leo huchechemea akiandika ubaoni.

Ripoti iliyoandikwa ilitaja ubovu wa barabara. Haikutaja springi. Niliisoma, nikaona haikutaja springi, nikaipokea. Siku hizi mwalimu yule akinitembelea huniambia, "Mwalimu, ilikuwa ajali tu." Ni adabu yake. Mimi najua sahihi ya nani iko kwenye hati ile.

Miaka kadhaa baadaye, jioni moja, niliketi na penseli nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwaka 1996. Naitoa hapa kwa faida ya wengine. Katika Land Rover hizi, umbali kati ya katikati ya tairi la kushoto na la kulia ni kama sentimeta 131. Nusu yake ni 65 na nusu. Gari hupinduka pale ambapo kamba yenye jiwe, ikining'inizwa kutoka kitovu cha uzito wa gari, inaangukia nje ya tairi la upande wa chini. Tuseme kitovu hicho kiko sentimeta 75 kutoka ardhini. Gari hilo, likiwa limesimama, litavumilia mwinamo wa takriban digrii 41. Sasa inua bodi sentimeta 10. Kwa kuwa ekseli na magurudumu hubaki chini, kitovu cha uzito chote kitapanda kidogo pungufu ya hapo, tuseme sentimeta 8. Mwinamo unaovumilika unashuka hadi kama digrii 38.

Mpwa wangu aliposikia hayo alicheka. "Mjomba, digrii tatu!" Naam, digrii tatu. Kwa gari lenye upana ule, digrii tatu ni jiwe la sentimeta 6 au 7 chini ya tairi la upande wa juu. Jiwe la ukubwa wa ngumi. Na hizo ni digrii za kwenye karatasi, gari likiwa limesimama, halina kitu juu yake. Weka magodoro kwenye keria, weka watu kumi wanaoyumba pamoja, weka springi ndefu zinazobonyea upande mmoja, weka mwendo na kona, halafu uniambie zimebaki digrii ngapi. Dereva wetu hakuwa mzembe. Mwili wake ulikuwa umejifunza kwa miaka gari lile linavumilia nini, nasi tulilibadilisha gari bila kuubadilisha mwili wake.

Kupinduka ni hasara moja tu. Gari ni kama sentensi: ukibadilisha ngeli ya nomino, vitenzi na vivumishi vyote vinadai kubadilika. Anayeinua bodi na kuacha mengine ameandika sentensi mbovu, na sentensi hiyo inakwenda barabarani.

Tazama propela shafti. Gia boksi imepanda pamoja na chasisi, difu imebaki chini, kwa hiyo shafti sasa inashuka kwa mteremko mkali zaidi. Krosi inayozunguka ikiwa imepinda haipeleki mwendo sawasawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili hufuta kasoro hiyo ikiwa tu mapindo ya pande zote mbili yanalingana. Kadiri pindo linavyozidi, na kadiri yasivyolingana, ndivyo gari linavyotetemeka na krosi zinavyokufa. Mwenye gari hununua krosi mpya kila mara na kulaani vipuri bandia.

Tazama mipira ya breki, ile inayounganisha mabomba ya chasisi na ekseli. Ilikatwa kwa urefu wa gari la kiwandani. Inua gari, na siku gurudumu moja litakaposhuka ndani ya shimo, mpira utavutika mpaka mwisho. Ukikatika, mafuta ya breki yanamwagika. Mpira mrefu zaidi ni kitu kidogo, lakini nimeona magari yaliyoinuliwa yakiwa na mipira ileile iliyokaza kama uzi wa zeze.

Tazama usukani. Magurudumu ya mbele hukaa kwa mwinamo maalumu unaoyafanya yarudi yenyewe kwenye mstari baada ya kona, kama gurudumu la mbele la baiskeli. Kuinua gari huweza kuuharibu mwinamo huo. Ndiyo maana madereva wengine husema, "Tangu liinuliwe, linatangatanga." Na tairi kubwa huongeza mzigo kwa breki ambazo hazikukua, hupunguza nguvu ya kupanda mlima, na huidanganya saa ya mwendo. Kwa mfano wangu wa sentimeta 80 na 85, saa ikionyesha kilomita 80, wewe unakwenda 85.

Tena kuna jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ufundi. Gari langu hubeba wajawazito usiku, hubeba wazee wanaokwenda hospitali, na mara nyingine hubeba jeneza. Bibi wa miaka themanini mwenye nyonga mbovu anapandaje katika gari lililoinuliwa inchi nne na kuvishwa tairi kubwa? Huinuliwa kama gunia, kanga ikimvuka, mbele ya wakwe zake. Kijana anayeinua gari ili aonekane barabarani hajawahi kufikiria swali hilo.

Nisiwe dhalimu. Yapo manufaa ya kweli. Gari lililoinuliwa lina tumbo la juu zaidi, yaani chasisi, gia boksi na bomba la moshi. Kwa hiyo likivuka kilele chembamba cha tuta haliketi tumboni upesi. Pua na mkia wake havigongi kingo za mto kirahisi. Tena tairi kubwa halina nafasi ya kuzunguka mpaka bodi iinuliwe. Mtu anayejua anataka lipi kati ya haya, akapima, akabadilisha kila kinachodai kubadilishwa, akapunguza mwendo wake na mzigo wa juu, huyo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na anayenunua urefu kama dawa ya ugonjwa ambao hajaupima.

Wengine huniambia, "Mbona Wazungu wanainua?" Nami nauliza, je, mmesoma jibu lote? Nchini Australia, ambako seti nyingi za namna hii hutengenezwa, majimbo yameweka vikomo vya kuinua gari, na anayetaka kuvuka kikomo hutakiwa kupata hati ya mhandisi. Sisi tumeagiza springi, tukaiacha hati bandarini.

Wengine husema, "Lakini gari limelala kweli." Hapa wana haki, na hapa ndipo pa kutibu. Springi ya miaka arobaini huchoka. Mkunjo wake hunyooka, vyuma hushikana kwa kutu, bushi hulika, na shokapu hubaki jina tu. Gari la namna hiyo halihitaji kuinuliwa. Linahitaji kurudishwa pale lilipokuwa. Fungua springi, badilisha chuma kilichopasuka, mpelekee fundi anayejua kukunja na kupika chuma au ununue nyingine za kipimo cha kiwandani, weka bushi mpya, weka shokapu za urefu wake. Ni kazi ya gharama pia, lakini haibadilishi sentensi, inaifuta vumbi. Ajabu ni kwamba wengi hupachika seti ndefu juu ya bushi zilizooza na breki zinazovuta upande mmoja. Ni sawa na kumvisha mgonjwa joho la mahafali.

Sasa nifike kwenye neno langu la mwisho, ambalo ndilo linaloniudhi zaidi. Kwa nini gari lilikwama mwaka 1996? Lilikwama kwenye tuta la udongo. Tuta la udongo ni kitu gani? Ni udongo. Watu kumi na majembe wangelikata kwa asubuhi moja, na mfereji wa kando ungechimbwa mchana. Huku kwetu Usambara tulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Mahali pengine bado upo. Chuo changu kilikuwa na wanachuo mamia kadhaa na stoo iliyojaa majembe. Badala ya kulikata tuta, mkuu wao alitia sahihi ili gari lake lirefuke.

Ndivyo tulivyo. Barabara ikiharibika, mwenye uwezo hainami kuitengeneza. Hujiinua juu yake. Gari lake likipita, mtaro unabaki uleule kwa mwenye pikipiki aliyembeba mama mjamzito, kwa mtoto wa shule, kwa mwenye baiskeli na debe la viazi. Yeye amekwisha kuacha kulalamika, kwa kuwa haoni tena shimo. Na sauti yake ndiyo ambayo ingesikika kwa diwani. Kila gari linaloinuliwa kijijini ni mlalamikaji mmoja aliyenunuliwa kimya.

Siku hizi ndani ya gari langu kuna jembe, sururu, panga, mbao mbili na jeki. Nikifika penye tuta, nashuka. Nikifika penye mwinamo, abiria wanashuka kwanza, hata mvua ikinyesha, hata wakininung'unikia. Bibi peke yake ndiye hukaa ndani, nami napita taratibu. Nimekwama mara chache, nimechelewa mara nyingi, na sijamvunja mtu mguu tangu hapo.

Mpwa wangu hakukubali yote. Hata hivyo fedha zake zimekwenda kwenye springi za kipimo chake, bushi, na mipira mipya ya breki, nami nimemshukuru kwa moyo wote. Kuhusu kuinua, amesema kwa utani kwamba atangoja nife kwanza. Haya. Namwomba hata siku hiyo, kabla hajatia sahihi popote, alale chini ya gari na rula mkononi, apime kutoka ardhini hadi kwenye difu, aandike. Fundi akimaliza, apime tena.

Namba mbili tu. Mimi sikuzipima.